Askari Asiye na Jina: Uhakiki wa Ukumbusho Mmoja wa Vita

Walimu wenzangu, swali jema la uhakiki si lazima litoke katika kitabu cha nadharia. Pengine hutoka nyuma ya darasa, kwa mtoto ambaye hatukumtazamia. Katika somo moja la insha za maelezo hapa Rwezamenyo, Kigali, niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya Sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, nikawataka waieleze kwa aya tatu: mavazi, mkao na silaha. Walianza kuandika. Punde si punde binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu anaitwa nani?" Nikamjibu kwamba hana jina, maana anawawakilisha askari wengi. Hakuridhika. Akasema, "Basi na hao wengi, majina yao yameandikwa wapi?"

Kengele ilinisitiri siku ile. Lakini swali lilibaki, nami naona aibu kulitupa. Makala haya ni jibu lililochelewa. Nakusudia kuihakiki sanamu ile kama tunavyohakiki utungo wowote: nitaitazama fani yake, nitayasoma maandishi yake, kisha nitauliza kama ahadi iliyotolewa siku ya kuzinduliwa kwake imetimizwa.

Huenda wapo watakaosema kwamba sanamu si kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Nawaomba wasubiri. Sanamu hii ina maandishi, na sehemu ya maandishi hayo ni ya Kiswahili. Kwa miaka mingi imesomwa na wapita njia wengi kuliko riwaya nyingi tunazozitahini. Kama huo si utungo wa kuhakikiwa, sijui utungo ni upi.

KUZINDUA NA KUKUMBUSHA

Tuanze na maneno yenyewe. Siku hizi husemwa kwamba ukumbusho wa vita "umezinduliwa", na maana inayokusudiwa ni kuondoa kitambaa, kupiga tarumbeta na kutoa hotuba. Lakini kitenzi "zindua" kina umri mkubwa kuliko sherehe hizo. Wazee wetu walizindika nyumba au shamba kwa dawa ili lisiingiliwe. Na kulizindua kulikuwa kuliondolea zindiko hilo. Ni kauli ya kutendua, kama vile kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kutega na kutegua. Aidha, mtu aliyepigwa na bumbuwazi au aliyezirai, akirudiwa na fahamu husemwa kwamba amezinduka. Kwa hiyo, tukilishika neno hili kwa uzito wake, kuzindua ukumbusho si kufunua shaba tu. Ni kuondoa zindiko lililofunika jambo, watu wakazinduka.

Neno la pili ni "ukumbusho". Wanafunzi wetu aghalabu hulichanganya na "kumbukumbu". Kumbukumbu yatokana na kukumbuka: ni kile kilichomo moyoni mwa mtu au katika daftari lake. Ukumbusho watokana na kukumbusha, yaani kauli ya kusababisha. Ukumbusho humfanya mtu mwingine akumbuke. Hapa Rwanda wanafunzi wangu hulielewa jambo hili upesi, kwani Kinyarwanda hujenga neno kwa njia hiyo hiyo: kwibuka, kwibutsa, na kutokana na hilo la pili, urwibutso. Basi kila ukumbusho hauna budi kujibu maswali mawili ya sarufi: unamkumbusha nani, na unamkumbusha nini? Nitautumia mtihani huo katika makala haya yote.

SANAMU MBILI, MJI MMOJA

Askari wa Dar es Salaam alizinduliwa mwaka 1927. Hata hivyo hakuwa askari wa kwanza wa shaba mjini humo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, ambaye ndiye aliyeongoza majeshi yao kuuvunja upinzani wa watu wa Mrima waliokuwa chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Katika sanamu hiyo Mjerumani alisimama juu, mbali na macho ya watu. Chini yake aliwekwa askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama bwana wake, huku bendera ya Kijerumani ikiangukia maiti ya simba. Haihitaji ujuzi mkubwa wa ishara kuelewa simba yule alikuwa nani.

Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916. Wissmann aling'olewa, akapelekwa Uingereza kama ngawira, kisha akarudishwa kwao. Mwaka 1922 alisimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa chuo hicho walimwangusha mwaka 1967, akasimamishwa tena, wakamwangusha mara ya pili mwaka 1968, wala hakurudi tena mahali pake. Huo ndio mwisho wa ukumbusho uliokumbusha ubwana tu.

Ukiwalinganisha askari hawa wawili, wa Wissmann na wa mwaka 1927, waona kwamba kuna hatua iliyopigwa. Yule wa kwanza alikuwa pambo la miguuni pa mtu mwingine. Huyu wa pili yuko peke yake juu ya jiwe, na hakuna bwana anayemtazama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: katika miaka ile ya ukoloni, kumweka Mwafrika juu kabisa katikati ya mji halikuwa jambo dogo. Uhakiki usiokiri hilo ni uhakiki wa chuki.

FANI YA SANAMU

Sanamu iliundwa na mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezoea kutia sahihi kwa jina la Myrander, na iliyeyushwa na kumiminwa London. Kabla ya kuletwa Tanganyika ilionyeshwa huko kwa muda mfupi katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, ikasifiwa. Yaani waliokuwa wa kwanza kuitazama na kuitolea hukumu hawakuwa wake wa askari, wala ndugu zao, wala wenzao waliopona. Walikuwa watazamaji wa London. Hili si kosa la mchongaji, lakini mhakiki hana budi kulitia maanani, maana kila mtunzi hutunga akiwa na hadhira yake kichwani.

Na hadhira hiyo yaonekana katika kazi. Askari ameinama kidogo, bunduki mikononi, singe yake imeelekezwa upande wa bandari. Mwili wake umo katika mwendo. Ni wa shambulio, si wa maombolezo. Ustadi upo. Mavazi yamechongwa kwa uangalifu. Lakini mkao huo ni wa picha ya vita inayofahamika pote duniani. Ukimwondolea mavazi yake ya kiaskari wa Afrika ya Mashariki, ungeweza kumsimamisha mahali pengine popote. Hadithi yake mwenyewe haimo: alitoka kijiji gani, aliacha nani, alirudi au hakurudi.

Tena vita vyenyewe havikuwa hivyo. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa zaidi kwa miguu kuliko kwa singe. Majeshi yalifukuzana kwa zaidi ya miaka minne, tangu Kilimanjaro na Kivu hadi Ruvuma na Msumbiji, hata Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kadhaa baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Palipokosekana barabara, na wanyama wa mizigo walipouawa na ndorobo, mzigo wote wa jeshi ulikaa juu ya vichwa vya watu. Waingereza peke yao walikusanya wachukuzi wanaokaribia milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Wanahistoria hukadiria kwamba wapatao laki moja walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na uchovu.

Kwa hiyo, kama tungemtafuta mhusika mkuu wa vita vile, kama tumtafutavyo katika tamthilia, tungemkuta mchukuzi. Katika sanamu ya Dar es Salaam nafasi ya juu amepewa askari peke yake. Nairobi, ambako ukumbusho wa aina hiyo ulizinduliwa mwaka 1928, mchongaji yule yule aliweka watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Kwa maoni yangu ukumbusho wa Nairobi ni kazi ya kweli zaidi, ingawa wa Dar es Salaam ndio unaovutia jicho. Tofauti hiyo yafaa tuifundishe: uzuri wa fani na ukweli wa maudhui si lazima viende pamoja.

MAANDISHI YA JIWENI

Sasa tuyasome maandishi. Yako katika Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa mara mbili, kwa hati ya Kiarabu na kwa hati ya Kirumi. Hapa mwalimu wa Kiswahili lazima asimame kidogo. Mwaka 1927 usanifishaji wa lugha yetu ulikuwa bado unajadiliwa. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilikuwa haijaundwa, iliundwa mwaka 1930. Watu wengi wa pwani waliojua kusoma walisoma Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Aliyeamua kuitumia hati hiyo alitaka wenyeji wasome kweli. Katika jambo hili ukumbusho ulijua unamkumbusha nani, nao umepita nusu ya mtihani wangu.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi: unamkumbusha nini? Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Kwa muhtasari, yanasema kwamba jiwe limewekwa kuwakumbuka askari wenyeji wa Afrika waliopigana, wachukuzi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Afrika ya Mashariki. Mwishoni huja ahadi: mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Tuyapime maneno haya moja moja. Kuwaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi ni sitiari nzuri, na inakiri ukweli ambao sanamu iliyo juu haikuukiri vya kutosha. Lakini sitiari hiyo ina upungufu wake. Miguu na mikono haina kichwa. Haisemi, haikumbuki, haina jina. Mwili ni wa mtu mwingine. Kipling huenda alikusudia sifa, nayo ni sifa, lakini katika sifa hiyo hiyo mchukuzi amebaki kiungo.

Halafu huyo mfalme na hiyo nchi. Mfalme wa nani? Dar es Salaam mwaka 1914 ulikuwa mji mkuu wa koloni la Kijerumani. Maelfu ya vijana wa Tanganyika walibeba bunduki na mizigo upande wa Wajerumani, si kwa kumpenda Kaisari bali kwa sababu Wajerumani ndio waliowafikia kwanza. Hapa Rwanda hali ilikuwa hiyo hiyo. Walipigana upande wa Wajerumani, kisha Wabelgiji wakaingia Kigali mwezi Mei 1916 wakitokea Kongo, na wachukuzi wakatakiwa upande wa pili, hadi Tabora ilipotwaliwa Septemba mwaka ule. Katika vita vyao Afrika ya Mashariki Wabelgiji walitumia wachukuzi zaidi ya laki mbili. Yamkini mtu mmoja alichukua sanduku la risasi la Mjerumani mwezi wa Aprili na la Mbelgiji mwezi wa Juni. Jiwe la mwaka 1927 halina nafasi ya mtu huyo. Asiyekuwapo na lake halipo.

AHADI YA JINA

Nafika sasa kwenye ahadi, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Jiwe linasema jina litakumbukwa. Litazame jiwe pande zote: hakuna jina hata moja la mtu aliyekufa.

Mtu anayemjua Kipling ataliona jambo hili kuwa la kuhuzunisha zaidi. Mwanawe, John, alipotea katika mapigano ya Loos nchini Ufaransa mwaka 1915, na baba alikufa bila kujua kaburi lake. Kipling alikuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliyoundwa mwaka 1917. Ndiye aliyependekeza maneno ya Maandiko yaliyochongwa katika makaburi makubwa ya vita, yenye maana kwamba majina ya waliokufa yataishi milele. Na tume hiyo ilijiwekea kanuni njema: wafu wote watendewe sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kama yupo mtu aliyejua uchungu wa jina lisilo na kaburi, alikuwa yeye.

Lakini kanuni ile haikuvuka bahari salama. Katika Afrika ya Mashariki iliamuliwa kwamba Waafrika wengi wakumbukwe kwa jumla, kwa sanamu, wala wasiandikwe mmoja mmoja. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe na kuomba radhi. Taarifa ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa miongoni mwa sababu. Kwa maneno mengine, tume imekiri kwamba swali la mwanafunzi wangu ni swali la haki.

Wapo watakaotetea kwamba kuandika majina laki moja hakuwezekani, na kwamba orodha nyingi zilipotea. Utetezi huo una ukweli wake, lakini haukidhi. Kwanza, orodha hupotea pale ambapo hakuna aliyeona faida ya kuzitunza. Pili, ukumbusho wenyewe ungeweza kukiri kwamba majina hayajulikani. Huo nao ungekuwa uaminifu. Kosa la jiwe si kukosa majina tu. Ni kuahidi jina mahali ambapo jina halikuwekwa, na kuwatwika watoto kazi ambayo dola haikutaka kuifanya.

NGUZO KUMI ZA KIGALI

Ili tusihukumu kwa kipimo cha hewani, tulinganishe na mfano ulio karibu nasi. Hapa Kigali, mahali palipokuwa Kambi ya Kigali, pana ukumbusho wa askari kumi wa Ubelgiji wa jeshi la Umoja wa Mataifa waliouawa tarehe 7 Aprili 1994, siku mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza kuenea. Hakuna sanamu ya mtu pale. Kuna nguzo kumi za mawe. Kila nguzo ni ya mtu mmoja, ina herufi za mwanzo za jina lake, na imekatwa mistari inayolingana na umri wake. Niliwapeleka wanafunzi wangu; walisimama wakihesabu mistari. Mmoja alipomaliza kuhesabu alinyamaza, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa karibu na umri wa kaka yake.

Nakiri kwamba watu kumi huandikika kwa wepesi kuliko laki moja. Lakini linganisha fani. Pale Dar es Salaam mtu mmoja wa shaba anasimama badala ya wote, na macho yetu huishia kwake. Hapa kila aliyekufa amebaki mmoja. Mawe hayana uso, lakini yanatupa mtu. Shaba ina uso, na mtu hatumpati.

Kwa Mnyarwanda jambo la majina halihitaji maelezo marefu. Kila mwaka tangu tarehe 7 Aprili, majina ya waliouawa mwaka 1994 husomwa kwa sauti katika hafla za kwibuka, na pale Gisozi pana ukuta wa majina ambao kazi yake bado haijakamilika. Siufananishi msiba huo na vita vya mwaka 1914. Kila msiba una uzito wake. Nasema tu kwamba binti yule hakuuliza kwa udadisi wa kitoto. Amelelewa katika nchi inayojua kwamba jina la aliyekufa ni kitu cha mwisho anachoweza kurudishiwa.

Na dunia yaanza kuelewa. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa watu zaidi ya 1,700 wa Afrika ya Kusini waliofanya kazi bila silaha katika vita vile vile vya kwanza na kufa bila kuandikwa popote. Ni nguzo za mti mgumu wa Kiafrika, na kila nguzo ina jina la mtu. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Lakini huko, kwa maana ya kale ya neno lile, zindiko limeondolewa.

UKUMBUSHO ULIOTUNZWA NA LUGHA

Baada ya kulikosoa jiwe, haifai tuondoke kana kwamba watu wetu walikaa wakisubiri London iwakumbuke. Lugha zetu zilifanya kazi hiyo mapema, tena bila tarumbeta.

Nani asiyejua Kariakoo? Jina hilo latokana na jeshi la wachukuzi, kwa Kiingereza Carrier Corps, ambalo kambi yake ilikuwa pale Dar es Salaam. Nairobi nako kuna Kariokor. Watu waliyachukua maneno ya karani wa jeshi, wakayafinyanga kwa ulimi wao, wakayafanya mtaa. Leo mtu anayesema "naenda Kariakoo kununua kitambaa" anawataja wachukuzi bila kujua. Hakuna jiwe linalotamkwa mara nyingi hivyo kwa siku moja. Upungufu wa ukumbusho huu ni kwamba umesahau maana yake mwenyewe. Wanaoutamka wengi, wanaoujua wachache.

Kaskazini ya magharibi ya Rwanda, vita vile vilikumbukwa kwa njia nyingine. Majeshi ya pande zote mbili yalikula vyakula vya wenyeji na kuwachukua wenye nguvu za kulima. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1916 na 1918, wenyeji waliipa jina: Rumanura. Njaa yenye jina haisahauliki kama njaa isiyo na jina. Na kusini ya Tanzania mji mzima unaitwa Songea, kwa jina la Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji. Kariakoo lahifadhi kazi, Rumanura lahifadhi mateso, Songea lahifadhi mtu.

Tena tusizisahau tenzi. Vita vile vya Wissmann na Abushiri vilivyozaa sanamu ya Wajerumani vilizaa pia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy. Na vita vya Majimaji vilipata mtunzi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini. Watunzi hawa hawakuwa na shaba. Walikuwa na vina na mizani, na desturi ya kuwataja watu kwa majina yao, walikotoka na walikoishia. Sanamu ya Wissmann imo ghalani Ujerumani. Utenzi wa Hemedi ungali unasomwa. Mwalimu akitaka kuwafunza watoto ubora wa utungo juu ya jiwe, hana haja ya mfano mwingine.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Nini basi kifanyike? Sipendekezi askari yule aangushwe kama Wissmann. Yeye si bwana wa mtu. Ni mmoja wetu aliyesimamishwa na watu wengine kwa maneno ya watu wengine, na kumwangusha kungekuwa kumnyima hata kile kidogo alichopewa. Abaki pale alipo. Lakini asomwe. Uzinduzi wa mwaka 1927 ulitoa kitambaa. Uzinduzi uliobaki, ule wa kuondoa zindiko, ni kazi ya darasa.

Kazi hiyo yaweza kuanza kwa jambo dogo. Kiswahili kiliingia Rwanda pamoja na misafara, wafanyabiashara na askari wa zama zile zile, na mwaka 2017 kikafanywa lugha rasmi ya nchi. Hapa Rwezamenyo, na kwa majirani zetu wa Biryogo na Nyamirambo, zimo familia zilizofika kwa njia hizo. Niliwatuma wanafunzi wangu nyumbani wakaulize: katika ukoo wetu, yuko aliyekwenda vitani au aliyebebeshwa mzigo? Wengi walirudi mikono mitupu. Watatu walirudi na majina. Tuliyaandika ubaoni kwa chaki, tukayasoma kwa sauti, kisha kila mtu akayanakili katika daftari lake. Binti aliyeuliza swali ndiye aliyesoma.

Ubao ulifutwa kabla ya kipindi cha hesabu, kama ada. Lakini madaftari yapo. Majina matatu si laki moja; hata hivyo ni matatu zaidi ya yale yaliyomo jiweni.

MASWALI YA DARASANI

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "ukumbusho" na "kumbukumbu". Onyesha namna unyambuaji wa kitenzi unavyoleta tofauti hiyo.

2. "Wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi." Jadili ubora na upungufu wa sitiari hii.

3. Taja ukumbusho wowote ulio karibu na kwenu. Unamkumbusha nani, na unamkumbusha nini?

4. Waulize wazee wa nyumbani asili ya jina la mtaa au kijiji chenu. Andika aya mbili juu ya jambo ambalo jina hilo limelihifadhi.

5. Tunga beti sita za utenzi juu ya mtu mmoja wa ukoo wako ambaye habari zake hazijaandikwa popote. Mtaje kwa jina.